Platuni yangu inaongoza kwa shabaha, lakini bwenini askari wapya wanaumizwa

Washauri wa safu hii, salaam.

Ninaongoza kombania ya askari 118. Platuni ya pili ndiyo inayosifiwa na kila mtu: inaongoza kwa shabaha, haina watoro, na ukiitazama kwenye gwaride unaona watu waliozoeana. Mwezi uliopita nililetewa taarifa kwamba askari mmoja, mwenye wiki tatu tu kikosini, alitolewa kitandani usiku wa manane na wakongwe, akavuliwa nguo, akamwagiwa maji na kuchapwa mikanda. Wenyewe wanauita "ubatizo". Koplo wa seksheni yake alikuwa chumba cha pili, akasikia, akanyamaza. Suala liko kwa polisi jeshi. Askari yule ameomba kuhamishwa, na wenzake wameanza kumwita mwoga.

Kamanda wa kikosi amenipa siku tatu niwafunze viongozi wangu: makoplo 9, masajenti 3 na maluteni 3. Mwaka jana tulifanya semina ya saa mbili kuhusu unyanyasaji. Wote walisaini karatasi ya mahudhurio, na haya yametokea hata hivyo. Masajenti wawili wameniambia waziwazi kwamba nikiua ubatizo nitakuwa nimeua moyo wa platuni, maana chuma hakinyooki bila moto. Mpaka kati ya ugumu wa jeshi na uonevu uko wapi? Na hizi siku tatu nizitumieje zisije zikawa semina nyingine ya kusaini?

Kapteni, kamanda wa kombania

MAJIBU

Afande Kapteni,

Kabla ya siku tatu kuna kazi ya leo. Askari huyo aonwe na daktari kama bado, hata akisema yuko sawa, na majeraha yake yaandikwe. Wanaotuhumiwa ndio wahame bweni uchunguzi ukiendelea. Ukimhamisha yeye, platuni nzima itajifunza kwamba anayesema ndiye anayeondoka. Ombi lake la uhamisho usilikatae wala usilikimbize: kaa naye faragha, mweleze kwamba waliompiga hawatalala tena chumba kimoja naye, kisha mwulize anataka nini. Akishikilia kuondoka, aondoke na faili safi. Hilo la kumwita mwoga ni kisasi, na kisasi kinashughulikiwa kama kosa jipya, siyo kama utani. Mtu mmoja uliyemteua amfuatilie siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, kwa sababu kisasi hakiji siku moja. Huja kwa zamu za lindo zisizoeleweka, kwa vifaa vinavyopotea, kwa kuachwa peke yake mezani.

Na kisa hiki kisitajwe darasani hata kwa kufichwa jina. Kila mtu atajua ni nani, na utaharibu ushahidi wa polisi jeshi.

Sasa hoja ya masajenti wako. Hawasemi uongo mtupu. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwapitisha wanafunzi wa kike kwenye jaribio la aibu ili waruhusiwe kujiunga na kundi la mazungumzo. Waliopata aibu kubwa zaidi ndio waliolipenda kundi zaidi, ingawa mazungumzo yenyewe yalikuwa yametungwa makusudi yachoshe. Soma tokeo hilo polepole, na uwasomee masajenti wako. Mateso ya mlangoni humfanya mtu alipende kundi ili asijione alionewa bure. Kundi lenyewe halikuwa limepata ubora wowote. Platuni yako inapiga shabaha vizuri kwa sababu mtu anaifundisha shabaha vizuri. Mtafute ni nani, umpongeze kwa hilo.

Mshikamano una sura mbili ambazo viongozi wengi huzichanganya. Kuna kupendana: kutaniana, kunywa pamoja, kutetea jina la platuni. Na kuna kushikana katika kazi: kila mmoja anaamini kwamba wa kushoto na wa kulia wanaijua kazi yao na wataifanya. Mwaka 1994 Brian Mullen na Carolyn Copper walikusanya tafiti nyingi za makundi na kukuta kwamba uhusiano kati ya mshikamano na utendaji ulitokana hasa na hiyo ya pili. Halafu jeshini kuna uzi wa juu na chini, yaani askari kumwamini koplo wake na koplo kumwamini luteni. Uzi wa pembeni, yaani wa askari kwa askari, ukiwa mnene na huu wa wima ukiwa umekatika, unapata platuni inayolindana dhidi ya kamanda wake. Ndiyo uliyo nayo sasa.

Mwisho wa njia hiyo unajulikana. Kikosi cha askari wa miavuli cha Kanada, Canadian Airborne Regiment, kilikuwa fahari ya jeshi lile. Machi 1993 huko Beledweyne, Somalia, baadhi ya askari wake walimtesa kijana wa Kisomali, Shidane Arone, hadi akafa. Wapo wengine kambini waliosikia au kuona, wasiingilie. Januari 1995 zikaonyeshwa hadharani video za ubatizo wa kikosi hicho, na mwaka huohuo kikavunjwa. Hakuna aliyelalamika kwamba askari wale hawakuwa na umoja.

Semina ya saa mbili haikukusaidia, na wala haikuwa na nafasi ya kusaidia. Kamati huru iliyoichunguza kambi ya Fort Hood ya Marekani, katika ripoti ya Desemba 2020, ilikuta programu ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia ipo, lakini uongozi umeipuuza hadi askari wanaogopa kuripoti. Viongozi 14 waliondolewa au kusimamishwa. Wahudhuriaji wako wa mwaka jana walijua kwamba kupiga ni kosa. Walichokosa ni mazoezi ya nini cha kusema saa sita usiku, mbele ya rafiki mwenye cheo sawa nao, wakati wote wanacheka. Bunduki hatuifundishi kwa kusimulia, hivyo na hili tulifundishe kwa vitendo.

Siku ya kwanza ipe mipaka. Asubuhi watenganishe: makoplo peke yao, masajenti na maluteni peke yao, kwa sababu koplo akikaa na luteni wake ataitikia kila kitu. Andaa kadi 20, kila moja na tukio la mistari miwili. Koplo anamkimbiza askari aliyechelewa mizunguko miwili, naye anakimbia pamoja naye. Mkongwe anamwamuru mgeni amfulie sare. Sajenti anakopa mshahara wa askari wake. Seksheni inarudia kuvuka kikwazo mara sita mpaka ipite. Mtu anapiga picha wenzake wakioga. Askari wa kike anapewa jina la kumdhihaki, naye anacheka. Wagawe kadi hizo mafungu matatu: ruksa, simamisha na urekebishe mwenyewe, ripoti leo hii. Mabishano yote yatakuwa kwenye fungu la kati, na hayo ndiyo mafunzo, usiyakatize kwa haraka.

Kwa kila kadi wape maswali manne. Je, kitendo kina uhusiano na kazi iliyo kwenye ratiba ya mafunzo? Kiongozi anaweza kukifanya na yeye? Kipo sawa kwa wote, au kimemlenga mmoja? Kingefanyika hivyohivyo saa nne asubuhi mbele ya kamanda wa kombania? Matembezi ya usiku na mzigo mgongoni yanapita maswali yote manne, na mtu anaweza kulia njiani bila mtu yeyote kuwa amemwonea. Mikanda ya usiku wa manane haipiti hata moja. Hapo ndipo mpaka ulipo, nao hautegemei maumivu ni makali kiasi gani.

Mchana waunganishe, mzungumze adhabu ya jumla. Hapa tunakuomba uwe mkali, kwa kuwa hiki ndicho kiwanda cha uonevu ambacho hakimshtui mtu. Koplo anapowapigisha wote tumbo chini kwa kosa la mmoja, huwa ameikabidhi adhabu kwa seksheni, na seksheni itaimalizia usiku asipokuwepo. Seksheni kurudia kazi mpaka ipite ni halali, kwani kazi ndiyo iliyoshindikana na koplo anairudia pamoja nao. Kuwaadhibu tisa kwa sababu buti la mmoja halikung'aa ni kitu kingine kabisa.

Siku ya pili ni ya sauti. Viongozi wako 15 wanatoa makundi matano ya watatu: mmoja anaigiza mkosaji, mmoja kiongozi, mmoja anatazama na kuandika. Dakika nne za igizo, dakika tatu za kukosoana, wanabadilishana. Usiruhusu mtu amalize siku kabla hajasimama kama kiongozi mara sita.

Waanze kwa kuelewa kwa nini koplo yeyote hunyamaza. Katika jaribio la Bibb Latané na John Darley lililochapishwa mwaka 1968, moshi uliingizwa chumbani. Mtu aliyekuwa peke yake alitoa taarifa mara 75 katika 100. Aliyekaa na wawili waliotulia kama hakuna kitu alitoa taarifa mara 10 tu katika 100. Bwenini ni hivyohivyo: kila mmoja anamtazama mwenzake, anaona ametulia, anatulia. Anayevunja utulivu huo anatakiwa kuwa na sentensi tayari mdomoni. Kwa hiyo wafundishe sentensi fupi: "Acha. Wewe toka nje. Wewe njoo nami." Taja kitendo, kisimamishe, tenganisha watu, mwangalie aliyeumia, toa taarifa. Mpangilio huo usibadilishwe.

Utaona makosa yaleyale yakijirudia. Kiongozi anacheka kwanza ndipo anakemea, na watu wanakisikia kicheko. Au anahutubia dakika tano wakati aliyeumia bado yuko sakafuni. Au anamgeukia aliyeonewa mbele ya wote na kumwuliza, "Umewasamehe?" Hilo la mwisho lina sura ya wema, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa, askari hana jibu jingine zaidi ya ndiyo. Lililo gumu kuliko yote ni kumsimamisha mwenye cheo sawa au kinachozidi, hivyo igizo hilo lifanywe mara mbili. Kwa mkubwa, maneno yawe ya heshima na yawe ya wazi: "Afande, naomba tuzungumze nje, sasa hivi," kisha mwili usogee mlangoni.

Baada ya mapumziko, fundisha kupokea taarifa. Wengi huharibu katika dakika ya kwanza kwa kuahidi siri. Koplo aseme mapema: "Nitakusikiliza. Kuna mambo nitalazimika kuyapeleka mbele, na nitakuambia nani atajua." Asikilize, aandike maneno kama yalivyosemwa pamoja na saa, asimhoji kwa nini, asiende kumwuliza mtuhumiwa, na aulize swali ambalo karibu kila mtu husahau: leo utalala wapi, na nani yuko karibu nawe? Kukiwa na shambulio la kingono, mwathirika aelezwe kwamba kutooga na kutobadili nguo husaidia ushahidi, afikishwe kwa daktari kama anaridhia, na ajue kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Hapo msichelewe kwa sababu ya fomu.

Na kuna taarifa inayokuja bila mkosaji: askari anayesema amechoka kuishi, au anayeanza kugawa vitu vyake. Kiongozi aulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Jibu likiwa ndiyo au likisitasita, asiachwe peke yake hata kwenda msalani, awekwe mbali na silaha na risasi, akabidhiwe kwa daktari ana kwa ana, wala si kwa simu. Igizo hili lifanyeni polepole. Kuna watakaotokwa machozi, na hilo si ishara kwamba mmekosea.

Siku ya tatu ni ya kujenga, maana ukiondoa ubatizo bila kuweka kitu mahali pake, ubatizo huo utarudi kwa mlango wa nyuma. Mgeni anataka kupokewa, na wakongwe wanataka kujua kama anastahili. Mahitaji yote mawili ni ya kweli. Wape makoplo kazi ya kuandika saa 72 za kwanza za askari mpya: jina la mwenzi wake liko tayari kabla hajafika, kitanda na vifaa vipo, koplo anakaa naye dakika 20 siku ya kwanza na kumwuliza ametoka wapi, anajua nini, nyumbani kuna tatizo gani. Ndani ya wiki apewe kazi ambayo wengine wanaitegemea, kama kubeba redio au kusimamia maji ya seksheni. Mtu haoni kwamba ni wa kundi mpaka kundi limhitaji.

Baada ya wiki nne au sita, seksheni nzima itembee kilomita 12 na vifaa kamili, koplo akiwemo. Mwisho wa njia mgeni aulizwe na kuonyesha kwa vitendo kazi ya aliye kushoto na aliye kulia kwake, nao wajibu ya kwake. Akipita, koplo anampa beji ya seksheni mbele ya wote, mchana kweupe. Bila pombe, bila kuvuana nguo, bila siri. Asiyepita anarudia baada ya wiki mbili na mwenzi wake anarudia naye. Masajenti wako wakiuliza moto uko wapi, wapeleke kilomita ya tisa.

Kila zoezi liishe kwa tathmini ya maswali manne: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, mara ijayo tufanye nini. Luteni aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe, la kweli siyo la kupamba, kisha wazungumze kuanzia cheo cha chini kwenda juu. Nusu ya muda iende kwenye swali la nne. Askari aliyezoea kumwambia luteni wake mchana, "Amri yako ilichelewa," bila kuadhibiwa, atakuja pia usiku na jambo zito zaidi. Huo uzi wa wima hauna njia nyingine ya kusukwa.

Maluteni wako watatu wana somo lao dogo. Luteni kijana ama hutaka kuwa rafiki wa askari, ama humwachia sajenti bweni lote baada ya saa kumi na mbili jioni. Waweke kwenye ratiba ya kutembelea mabweni mara mbili kwa wiki, wakiwa wawili wawili, saa zisizotabirika, hasa kati ya saa nne usiku na alfajiri, usiku wa kurudi kutoka zoezini, na usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Bweni la askari wa kike waingie na kiongozi wa kike. Wasiende kusaka makosa. Waende, wasalimie, waulize nani hajalala na kwa nini.

Siku tatu zitayeyuka usipozifuatilia. Tenga dakika 15 kila wiki kwa igizo moja kwenye kikao cha viongozi. Mwezi wa kwanza na wa tatu toa dodoso la maswali 8 lisilo na majina, kwa mfano: "Nikiripoti uonevu, koplo wangu atachukua hatua." Matokeo yajumlisheni kwa ngazi ya platuni, siyo ya seksheni. Seksheni ina watu wachache mno, koplo atayatambua majibu kwa mwandiko au kwa kubahatisha. Pamoja na dodoso tazama namba ulizo nazo tayari: maombi ya uhamisho, wanaokwenda zahanati Jumatatu asubuhi, wanaochelewa kurudi likizo, majeraha ya "nimeteleza bafuni". Zikijikusanya sehemu moja, nenda huko.

Kuhusu wakufunzi, usisimamie peke yako. Mchukue sajenti wa tatu, yule ambaye hakukujia na hoja ya chuma, kama anaheshimika, umpe siku ya pili aiongoze. Wale wawili waone faragha kabla ya siku ya kwanza, uwaonyeshe jaribio la 1959 na mpango wa kilomita 12, uwaombe waandike kadi tano kila mmoja. Wanajua bweni kuliko wewe, na kadi zao zitakuwa za kweli kuliko zako. Yule koplo aliyenyamaza, uliza polisi jeshi kama inafaa ahudhurie.

Kisha nenda kwa kamanda wa kikosi, kabla ya siku ya kwanza, umwambie kwamba mafunzo yakifanikiwa, taarifa za uonevu katika kombania yako huenda zikaongezeka miezi miwili au mitatu ya mwanzo, kwa kuwa waliokuwa kimya wataanza kusema. Mwombe akubali kwa maandishi kwamba ongezeko hilo halitahesabiwa dhidi ya makoplo wako kwenye tathmini zao za mwaka. Ukiipata karatasi hiyo, wasomee makoplo siku ya kwanza, kabla ya kadi ya kwanza. Usipoipata, koplo yeyote mwenye akili atahesabu kwamba kunyamaza kunamlipa, na hapo ahirisha mafunzo mpaka uipate.